Proteasomu au Lisosomu? Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchunguza Kukomaa kwa Seli za Kinga

Mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa anayeamua kuandika tasnifu juu ya kukomaa kwa seli za kinga hufika kwenye njia panda mapema mno. Seli inapokomaa hubadilisha protini zake kwa wingi: nyingine huundwa upya, nyingine huondolewa, na kuondolewa huko hupitia njia kuu mbili, yaani ile ya proteasomu (mashine inayokata protini) na ile ya lisosomu (kifuko chenye tindikali kinachozimeng'enya). Kemikali, vifaa na muda havitoshi kuzifuata zote mbili kwa kina sawa, kwa hiyo inabidi kuchagua ipi iwe mhimili wa kazi na ipi ipimwe pembeni. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kwa seli za dendriti zinazokuzwa kutokana na damu ya binadamu, na kwa maabara zenye uwezo kama wa zetu za Pwani, njia ya lisosomu ndiyo inayofaa kuanziwa, kwa sharti kwamba mwanafunzi aelewe kuwa mlango wa njia hiyo unalindwa na alama ileile ya yubikwitini (protini ndogo inayobandikwa juu ya protini nyingine) ambayo ufundishaji wa kawaida huihusisha na proteasomu peke yake. Wapo ambao msimamo huu hauwafai, nao nitawataja.

Seli gani, na kukomaa kwa namna gani

Ulinganisho usiotaja seli haumsaidii mtu, kwa sababu neno "kukomaa" hubeba mambo tofauti katika seli tofauti. Katika tezi ya thaimasi, kukomaa kwa seli T ni kupita katika mchujo ambao seli nyingi hufia humo. Katika seli B, hatua ya mwisho ya kukomaa ni kugeuka kuwa seli ya plazima inayomwaga kingamwili. Katika seli ya dendriti, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973, kukomaa ni kubadilisha kazi: seli changa hukaa kwenye ngozi na kwenye tando za njia ya hewa na za utumbo ikimeza kila inachokutana nacho, kisha ikihisi dalili ya kijidudu hupunguza kumeza, huhamia kwenye tezi za limfu, na kuwaonyesha seli T vipande vya kile ilichomeza.

Seli hii ya tatu ndiyo nitakayoitumia kama kipimo katika sehemu kubwa ya makala haya, kwa sababu mbili. Kwanza, mabadiliko yake hukamilika ndani ya siku moja au mbili, jambo linalomwezesha mchunguzi kuyafuatilia saa kwa saa. Pili, haihitaji panya wala upasuaji: tangu mwaka 1994, Federica Sallusto na Antonio Lanzavecchia walipoeleza mbinu hiyo, monositi (aina ya chembe nyeupe) za damu ya kawaida hukuzwa pamoja na saitokini mbili (protini ambazo seli huwasiliana kwazo), GM-CSF na intaleukini 4, na baada ya takriban wiki moja huwa seli changa za dendriti ambazo hukomazwa kwa kuongezewa lipopolisakaridi (kijenzi cha ganda la bakteria) au saitokini za uvimbe. Kwa jiji lenye kituo cha damu salama na hospitali kuu ya rufaa, malighafi ya utafiti wa aina hii haiko mbali.

Njia ya proteasomu

Proteasomu ni pipa lililojengwa kwa pete nne, kila pete ikiwa na vijisehemu saba. Pete mbili za kati ndizo zenye makali, nayo makali hayo yamo katika vijisehemu vitatu, beta 1, beta 2 na beta 5, kila kimoja kikipendelea kukata baada ya asidi amino za aina yake. Pipa lenyewe, linalojulikana kama 20S, halipokei protini iliyojikunja vizuri, ndiyo maana huvikwa kifuniko cha 19S ambacho huitambua protini iliyotiwa alama, huikunjua kwa nishati ya ATP, kisha huisukuma ndani. Alama inayotambuliwa ni yubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, inayobandikwa kwa msururu wa vimeng'enya vya aina tatu: E1 huiamsha, E2 huibeba, na E3 huchagua nani abandikwe. Uchaguzi wote uko kwa E3, na binadamu ana zaidi ya 600 za aina hiyo. Kwa kuufumbua mfumo huu, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Uzuri wa njia hii kwa mchunguzi ni kasi yake. Seli ya dendriti inapoguswa na lipopolisakaridi, kizuizi kiitwacho IκBα, ambacho kazi yake ni kuifunga NF-κB (protini inayowasha jeni) nje ya kiini cha seli, hutiwa yubikwitini na kumalizwa na proteasomu ndani ya dakika chache. NF-κB huingia kwenye kiini, na jeni za ukomavu huanza kusomwa. Hakuna tukio la awali lililo wazi kuliko hili katika kukomaa kwa seli hii, na mtu mwenye jeli ya kutenganishia protini, kingamwili nzuri na saa ya kuaminika anaweza kulionyesha kwa uhakika.

Mabadiliko ya pili ni ya polepole na, kwa maoni yangu, yana utajiri zaidi. Seli inapokomaa, makali ya proteasomu hubadilishwa: beta 1, beta 2 na beta 5 za kawaida huachiwa nafasi na ndugu zao, beta 1i, beta 2i na beta 5i, na mashine mpya huitwa proteasomu ya kinga. Kazi iliyochapishwa mwaka 1999 ilionyesha kwamba seli changa za dendriti za binadamu zina mchanganyiko wa aina zote mbili, na kwamba zikishakomaa huunda za kinga tu, pamoja na kuongeza kiambata cha PA28 kinachoufungua mdomo wa pipa. Proteasomu ya kinga hutoa vipande ambavyo ncha zao zinakaa vizuri zaidi katika molekuli za MHC daraja la kwanza, vishikio vya juu ya seli vinavyobeba vipande hivyo na kutazamwa na seli T aina ya CD8, yaani za kuua. Anayejiuliza ni kwa nini chanjo fulani huamsha seli T za kuua na nyingine haziamshi atajikuta hapa mapema au baadaye.

Liko jambo la tatu ambalo wanafunzi wengi hawalisikii. Mwaka 2002 watafiti wa Marseille waliripoti kwamba seli ya dendriti inayokomaa hurundika protini zilizotiwa yubikwitini katika mafungu yanayoonekana kwa hadubini, badala ya kuzipeleka mara moja kuvunjwa, na kwamba mafungu hayo hutoweka baadaye. Seli inakuwa na alama tele na uvunjaji uliocheleweshwa kwa wakati mmoja. Mtu anayepima yubikwitini kwa ujumla saa nane baada ya kutia kichocheo na kuiona imepanda, kisha akaandika kwamba uvunjaji umeongezeka, atakuwa ameusoma ushahidi kinyume.

Udhaifu wa njia hii kama mada ya tasnifu uko katika vizuizi vyake. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni MG132, nacho kwa kipimo kikubwa hugusa pia kathepsini, vimeng'enya vya lisosomu vinavyokata protini, hivyo huharibu ule mpaka hasa ambao mtafiti anataka kuuchora. Epoksomisini huchagua vizuri zaidi. Bortezomibu ni dawa iliyokubalika hospitalini na tabia yake inajulikana. Lakini hata kizuizi safi kina tatizo la ndani: ukikitia kabla ya lipopolisakaridi, IκBα haivunjwi, NF-κB haiingii kwenye kiini, na seli haikomai kabisa. Umezima jambo lenyewe ulilotaka kulitazama. Ukikitia baadaye sana, seli zenyewe huanza kufa. Dirisha lililobaki ni jembamba, na kulipata kunahitaji majaribio mengi ya awali ambayo hayaandikwi katika tasnifu lakini hula bajeti yote.

Njia ya lisosomu

Christian de Duve aliitambulisha lisosomu mwaka 1955, na ndiye aliyetoa jina la otofajia mwaka 1963. Lisosomu ni kifuko chenye tindikali, pH yake ikiwa kati ya 4.5 na 5, kilichojaa vimeng'enya vinavyofanya kazi katika tindikali hiyo. Mizigo hukifikia kwa njia zaidi ya moja: kile kilichomezwa kutoka nje, protini za uso wa seli zilizorudishwa ndani, na vitu vya ndani ya seli vilivyozungushiwa utando na otofajia, ambayo jeni zake zilifumbuliwa kwa hamira na Yoshinori Ohsumi, aliyepata Nobel mwaka 2016.

Katika seli ya dendriti, lisosomu haifanyi kazi ya kutupa taka peke yake. Molekuli za MHC daraja la pili, zinazoonyesha vipande kwa seli T aina ya CD4 (wasaidizi), hutengenezwa zikiwa zimezibwa na mnyororo usiobadilika uitwao Ii, na kathepsini S ndiyo inayoukata mnyororo huo hatua za mwisho ili nafasi ipatikane kwa kipande cha antijeni (kitu kinachotambuliwa na kinga). Seli changa ina lisosomu zilizo dhaifu kwa makusudi, na inapokomaa pampu za protoni huunganishwa kikamilifu, tindikali huongezeka, na antijeni iliyokuwa imehifadhiwa huanza kukatwa. Jambo hili lilionyeshwa kwa seli za panya mwaka 2003, nalo lina matokeo yanayoshangaza: uwezo wa kuvunja hupanda wakati uleule ambapo molekuli za MHC daraja la pili huacha kuvunjwa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba molekuli za MHC daraja la pili katika seli changa ya dendriti ya binadamu zina nusu-uhai (muda wa nusu yake kuvunjwa) wa takriban saa 10, na kwamba kichocheo cha uvimbe hurefusha muda huo kupita saa 100. Kwa miaka kadhaa haikueleweka ni nini kinachozilinda. Jibu lililokuja kuanzia mwaka 2006 ni kwamba seli changa huzibandika yubikwitini molekuli hizo kwenye mkia ulio ndani ya saitoplazimu, na E3 inayofanya kazi hiyo ni MARCH1. Zikishabandikwa, hurudishwa ndani na kupelekwa kwenye lisosomu kuvunjwa. Seli inapokomaa, MARCH1 hupungua, alama hukoma, na molekuli hubaki juu ya uso wa seli zikiwa zimebeba vipande vya antijeni. CD86, ambayo seli T huihitaji ili iamke, huongozwa na MARCH1 hiyohiyo. Protini CD83, ambayo sote huitumia kama kitambulisho cha ukomavu, huipinga MARCH1, ilhali intaleukini 10, saitokini inayotuliza kinga, huiongeza.

Kwa hiyo seli iliyokomaa haizihifadhi molekuli zake kwa kulegeza uvunjaji. Inaimarisha uvunjaji na kuacha kutia alama. Mwanafunzi akilishika hili, ataacha kuuliza "njia ipi imepanda na ipi imeshuka" na kuanza kuuliza ni protini gani imebandikwa, na nani, na saa ngapi.

Kwa upande wa vifaa, njia hii ina huruma zaidi. MHC daraja la pili, CD86 na CD83 ziko juu ya uso wa seli, na hupimwa kwa mashine ya saitometri ya mtiririko, inayosoma rangi kwenye seli mojamoja, bila kuivunja seli. Kasi ya kurudishwa ndani hupimwa kwa kuifunika molekuli na kingamwili yenye rangi ya kung'aa, kuiacha seli kwenye nyuzi 37 kwa muda, kisha kutazama ni kiasi gani kimebaki nje. Bafilomisini A1 huzima pampu za protoni kwa uhakika. Klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, hupunguza tindikali ya lisosomu na ina bei ambayo kila maabara inaimudu, ingawa kazi yake ni pana kuliko ya bafilomisini na haifai kusimama peke yake kama ushahidi.

Otofajia ndiyo sehemu ngumu ya upande huu. Kipimo chake cha kawaida ni LC3, protini ambayo ikiunganishwa na mafuta ya utando huonekana kwenye jeli kama mstari wa chini, LC3-II. Mstari huo ukinenepa unaweza kuwa na maana kwamba otofajia imeongezeka au kwamba imeziba mwishoni, na hakuna namna ya kutofautisha ila kulinganisha sampuli yenye bafilomisini na isiyo nayo. Ongeza pia kwamba monositi huihitaji otofajia ili zigeuke kuwa seli mpya: anayetia kizuizi siku ya kwanza ya kuzikuza, badala ya siku ya kuzikomaza, anajipatia seli chache na matokeo yasiyosemeka.

Mahali njia mbili zinapokutana

Mara nyingi mafunzo yetu huchora yubikwitini ikielekea kwenye proteasomu kwa mshale mmoja. Ukweli ni kwamba yubikwitini ni kama lebo iliyobandikwa kwenye kasha bandarini Kilindini: kinachoamua kasha liende wapi ni kilichoandikwa juu ya lebo, si kuwepo kwa lebo. Minyororo ya yubikwitini iliyofungwa kwenye lisini ya 48 (asidi amino iliyo nafasi ya 48 ya yubikwitini yenyewe) kwa kawaida huelekeza kwenye proteasomu. Ile ya lisini ya 63 hutumika katika kupitisha ishara, katika kuzirudisha ndani protini za uso wa seli, na katika kuita otofajia kupitia protini kama p62. MARCH1 ni E3 inayopeleka mzigo kwenye lisosomu.

Matokeo ya kivitendo ni makubwa. Ukiizima proteasomu, protini zenye alama hurundikana, na yubikwitini huru ndani ya seli hupungua. Ikipungua, hata alama za kwenda kwenye lisosomu hukosa cha kubandikwa. Basi MHC daraja la pili ikipanda baada ya kutia MG132, si haki kuandika kwamba inavunjwa na proteasomu. Kwa upande mwingine, seli iliyozimiwa proteasomu huongeza otofajia ili kufidia. Njia hizi husaidiana, hugombania alama, na wakati mwingine hushindana waziwazi: kazi ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba kidhibiti cha jeni za lisosomu, TFEB, kikiamshwa katika seli za dendriti, uonyeshaji kwa MHC daraja la pili hupanda, na ule wa antijeni za nje kwa MHC daraja la kwanza hushuka.

Ndiyo sababu namshauri kila anayechagua njia moja aweke kipimo kimoja cha njia ya pili katika mpango wake. Aliyechagua lisosomu apime IκBα kwa dakika 15 na 30, ili ajue kwamba seli zake zilipokea kichocheo. Aliyechagua proteasomu apime LC3 na p62, ili ajue kama mzigo umehamia upande wa pili.

Thaimasi, kwa ufupi

Kwa uzuri wa kielimu, hakuna mahali ulinganisho huu unapopendeza kama kwenye thaimasi. Seli za epitheli za sehemu ya nje ya tezi hiyo zina proteasomu ya peke yake, yenye kijisehemu beta 5t, iliyoripotiwa na watafiti wa Japani mwaka 2007. Panya wasio nacho hukosa sehemu kubwa ya seli T za CD8. Seli hizohizo za epitheli hutumia kathepsini L, badala ya S, kuandaa MHC daraja la pili, na panya wasio na kathepsini L hupungukiwa sana na seli T za CD4. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwamba otofajia katika epitheli ya thaimasi huchangia kuchagua ni seli T zipi zitakazobaki. Proteasomu upande wa CD8, lisosomu upande wa CD4, mgawanyo ukiwa dhahiri.

Lakini mada hii inahitaji panya waliobadilishwa jeni, nyumba ya wanyama yenye masharti magumu, na miaka. Kwa tasnifu ya uzamili hapa Pwani siipendekezi. Aliye na nafasi ya uzamifu na ushirikiano na maabara ya nje yenye panya hao, aichukue kwa mikono miwili.

Yanayotegemea mahali tulipo

Mazingira ya Mombasa huingia moja kwa moja katika uchaguzi huu, na ni heri yapangiwe tangu mwanzo kuliko kuombewa radhi mwishoni mwa tasnifu.

La kwanza ni umeme na joto. Kukuza seli za dendriti kunachukua takriban wiki nzima ya nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 bila kukatizwa, na umeme ukikatika usiku wa siku ya tano seli zilizokusudiwa kuwa changa huenda zikaanza kukomaa zenyewe kwa msukosuko. Kwa kuwa njia zote mbili hupimwa kwa kulinganisha seli changa na iliyokomaa, kosa hili huua ulinganisho wenyewe. Kila kundi la seli lipimwe CD83 kabla ya kutiwa kichocheo, na kundi lililokwisha kupanda litupwe bila huruma. Katika miezi ya kaskazi chumba cha mashine ya saitometri kikipata moto vipimo vya mwanga huyumba, hivyo shanga za kusawazishia mashine zipitishwe kila siku ya kazi.

La pili ni wachangiaji damu wenyewe. Pwani ni eneo la malaria, na tangu mwaka 1999, ilipochapishwa kazi ya Britta Urban na wenzake, inajulikana kwamba chembe nyekundu zilizoambukizwa Plasmodium falciparum zinaweza kuzuia seli za dendriti kukomaa vizuri. Mchangiaji asiye na dalili zozote anaweza kuwa na vimelea vichache. Kipimo cha malaria kwa kila sampuli si cha kujadiliwa, iwe umechagua proteasomu au lisosomu. Aulizwe pia dawa anazotumia, hasa haidroksiklorokwini inayotolewa kwa magonjwa ya viungo na ya lupasi, kwa sababu hiyo hugusa lisosomu moja kwa moja.

La tatu linahusu mfungo, na sijaona likitiliwa maanani vya kutosha. Katika mji ambao sehemu kubwa ya watu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani, damu iliyotolewa alasiri ni ya mtu aliyekaa bila kula tangu alfajiri. Otofajia huamshwa na upungufu wa virutubisho kupitia kidhibiti mTOR, na kufunga kwa muda mfupi kumeonyeshwa kupunguza monositi zinazozunguka katika damu. Sisemi sampuli za Ramadhani zisitumiwe, kwani hata hizo zina swali zuri ndani yake. Nasema saa ya mlo wa mwisho iandikwe kwa kila sampuli mwaka mzima, na anayechagua otofajia aifanye hiyo kuwa sehemu ya uchambuzi wake. Kwa anayefuatilia MHC daraja la pili na MARCH1 uzito wa jambo hili ni mdogo zaidi, lakini kuandika saa hakugharimu kitu.

Vifaa havifanani kila mahali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kilicho Kilifi, na kituo cha KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust, kila kimoja kina nguvu zake, na safari kutoka kisiwani hadi Kilifi ni ya kilomita 60 hivi. Seli zilizokwisha kutiwa rangi na kuhifadhiwa kwa fomalini husafiri salama kwenye barafu hadi penye saitometri. Sampuli ya kupima makali ya proteasomu kwa sustrati inayong'aa (kitu kinachotoa mwanga kikikatwa) haina uvumilivu huo: inataka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri au kupimwa papo hapo. Kwa asiye na mashine jirani, tofauti hii pekee inaweza kuamua.

Nani achague nini

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja wa maabara, anayepata damu kwa idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoruhusu utafiti), na anayeweza kupata saitometri hata kwa kusafiri, achague lisosomu kupitia MHC daraja la pili. Atapata mabadiliko makubwa yanayoonekana kwa jicho kwenye grafu, atatumia vizuizi vichache, na atakuwa na swali lililo hai: je, kichocheo anachokijali, kiwe cha malaria, cha kifua kikuu au cha chanjo, hupunguza MARCH1 kama kinavyofanya lipopolisakaridi? Swali hilo lina uzito hapa kwetu, ambapo uvimbe wa muda mrefu na intaleukini 10 vinaweza kuiacha MARCH1 juu na seli ikashindwa kukomaa ilhali kila kitu kingine kiko sawa.

Anayefanya kazi ya chanjo na kutaka kujua juu ya seli T za CD8, achague proteasomu, tena asijihangaishe na MG132. Apime badala yake kubadilishwa kwa beta 5 na beta 5i kwa jeli na kingamwili, na akihitaji kizuizi atumie ONX-0914, kinacholenga beta 5i zaidi ya ndugu yake wa kawaida. Hilo humwezesha kuigusa proteasomu ya kinga bila kuizima seli nzima.

Anayevutiwa na otofajia yenyewe, aingie akiwa na msimamizi aliyekwisha kuipima. Si mada ya kujifunzia peke yako.

Na anayetoka upande wa hospitali, mwenye wagonjwa wa saratani ya seli za plazima (mieloma), asiyumbishwe na upendeleo wangu wa lisosomu. Seli ya plazima hutengeneza kingamwili kwa wingi kiasi kwamba proteasomu yake hukaribia kuzidiwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huziangamiza seli za mieloma. Lenalidomidi, dawa nyingine ya ugonjwa huohuo, humshurutisha mwenza wa E3 aitwaye sereblon azibandike alama Ikaros na Aiolos, protini mbili zinazoongoza kukomaa kwa seli za limfu, nazo zikavunjwa na proteasomu. Katika seli hiyo proteasomu ndiyo mhimili, na otofajia, ambayo mwaka 2013 ilionyeshwa kuwa seli za plazima huihitaji ili ziishi muda mrefu, ipimwe pembeni kwa LC3, pamoja na bafilomisini na bila yake, katika sampuli za mgonjwa yuleyule kabla na baada ya dozi.